Siku moja katika kazi ya mkufunzi wa dharura za watoto, Mbeya

Saa 12:00 asubuhi. Baridi ya Julai imeshika Uyole, na daladala ya kuelekea mjini imejaa watu waliojifunika mashuka hadi masikioni. Nimebeba mfuko wenye kanula, vile vijibomba vya kuingizwa mshipani, na mabomba ya sindano yaliyokwisha muda, ambayo kwa mgonjwa hayafai lakini kwa mafunzo yanatosha.

Saa 1:15. Ninapanga chumba kifanane na wodi kadiri iwezekanavyo: kitanda, mashine ya oksijeni, mtungi wa akiba, kipima sukari na mdoli mwenye ukubwa wa mtoto wa mwaka mmoja, ambaye kifua chake hupanda pale tu hewa inapoingia sawasawa. Midoli ya mafunzo ya namna hii ilianzia Norway, ambako Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, alitoa wa kwanza mwaka 1960. Ipo siku hizi inayolia na kubadilika rangi kwa kompyuta. Wa kwetu hafanyi hayo, nami sioni kuwa tumepungukiwa sana, kwa kuwa mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni naweza kuvitaja mwenyewe kwa mdomo.

Saa 2:30. Wanafika wauguzi na matabibu kutoka Kyela, Chunya, Rungwe na Mbarali, pamoja na daktari mmoja kijana. Tunaanza na mikono, yaani kumhuisha mtoto ambaye moyo wake umesimama: waokoaji wakiwa wawili, mgandamizo wa kifua 15 kwa pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina kikifika theluthi ya kifua.

Saa 4:30. Igizo la kwanza. Mtoto wa kilo 10 ameletwa kutoka Kyela akiwa na homa ya siku tatu na sasa ana degedege. Muuguzi wa Chunya anaigiza mama, tena kwa kilio kinachomfanya mlinzi wa nje achungulie dirishani. Daktari anasimama kichwani pa mtoto na kusema, "Jamani, oksijeni!" Watu watatu wanaikimbilia kwa pamoja. Natangaza kuwa umeme umekatika. Mashine ya oksijeni inazimwa, na ufunguo wa mtungi hauonekani, kwa sababu nimeuficha makusudi. Wakati huo wote muuguzi mmoja mtu mzima ameshika kipima sukari, anamtazama daktari, kisha anakirudisha mezani bila kusema neno.

Saa 4:45. Igizo lilichukua dakika 10. Mazungumzo yatachukua zaidi ya nusu saa, na hapa ndipo ilipo kazi yenyewe. Siulizi nani alikosea, bali kila mmoja aliona nini na alikuwa akifikiri nini. Yule muuguzi anasema taratibu, "Nilisubiri umalize, daktari." Kijana anajibu, "Mama, ungenikatiza tu." Asubuhi ni yeye aliyemwamkia muuguzi huyo shikamoo, lakini penye kitanda cha mgonjwa heshima iligeuka upande, na mtoto angeweza kufa kwa sukari kushuka huku mwenye kipimo akisubiri zamu yake ya kusema. Adabu yetu siilaumu. Nasema tu kwamba kando ya mtoto mahututi ruhusa ya kusema itolewe mapema, kabla mgonjwa hajaguswa. Tunakubaliana kwamba kila agizo litaambatana na jina la anayepewa, naye atalirudia kwa sauti, kisha atataja anapolikamilisha. Ndipo tunapiga hesabu ya dekstrosi, maji ya sukari ya kuingiza mshipani: mililita 5 za dekstrosi ya asilimia 10 kwa kila kilo ni mililita 50, yaani mililita 10 za dekstrosi ya asilimia 50 zikichanganywa na mililita 40 za maji ya sindano.

Saa 7:00 mchana. Wali na maharage.

Saa 8:00. Igizo la mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi. Tabibu mmoja anataka kufungua dripu ikimbie. Namkumbusha utafiti wa FEAST uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulioonyesha kwamba watoto wa aina hiyo waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa. Anabisha kwamba mwenye kuhara huongezewa maji kwa kasi, na ana haki: watoto waliopungukiwa maji kwa kuhara hawakuhusishwa katika utafiti huo. Ubishi wa namna hii naupenda kuliko kuitikiwa ndiyo.

Saa 9:15. Tunarudia igizo la asubuhi. Daktari hajamaliza sentensi yake, muuguzi anamkata: "Daktari, sukari imeshuka, ni 1.8, naandaa dekstrosi, mililita 50." Anarudia kiwango, anachoma, anataarifu kuwa imeingia.

Saa 10:30 jioni. Ninasafisha barakoa na kujaza fomu. Stadi hizi hufifia ndani ya miezi michache zisiporudiwa, hivyo kila kituo kinaondoka na ratiba ya mazoezi mafupi ya kila wiki. Tabibu wa Chunya anauliza watafanyaje bila mdoli. Kupeana maagizo kunafanyika hata kwa taulo iliyokunjwa, na waanzie hapo. Mdoli atazungukia vituo kwa zamu, na Mbarali wameshaomba awe kwao wiki ijayo.