Siku ya wakala: macho yangu kwenye sanduku la kijani

Saa kumi alfajiri, Agosti 9, 2022. Beji shingoni, barua ya uwakala mkobani pamoja na mihogo ya kukaanga. Mimi ni wakala wa mgombea huru wa ubunge, kaunti ya Kilifi. Mawakala wa vyama vikubwa wana fulana mpya. Mgombea wangu alizunguka kwanza kutafuta wapiga kura 1,000 wa kumdhamini ili aruhusiwe kuwania, na nauli yangu ameitoa mfukoni mwake.

Saa kumi na moja na nusu, msimamizi wa kituo anatuonyesha masanduku sita matupu, kisha anayafunga kwa lakiri. Nanakili namba za lile lenye kifuniko cha kijani, la Bunge la Taifa. Wenzangu wanakodolea la rais.

Saa kumi na mbili watu wanaanza kuingia.

Saa tatu, mashine inakataa vidole vya bibi mmoja. Karani anavipangusa, anajaribu cha pili, cha tatu. Jembe limevilainisha vyote. Anatafutwa kwa namba ya kitambulisho, jina linatokea, fomu inajazwa. Ananigeukia: "Mwanangu, kati ya haya makaratasi, ya mbunge ni ipi?" Nauma ulimi, maana wakala hana ruhusa ya kumwelekeza mpiga kura. "Ya kijani, bibi," karani anamjibu.

Mchana ni joto na njaa tu.

Saa kumi na moja jioni mlango unafungwa, ila waliokwisha kupanga foleni wanapiga kura. Kisha urais unahesabiwa, na hapo chumba kizima kiko macho, simu zinawaka. Ukiisha, mawakala wawili wanajilaza kwenye madawati. Sijui wametumwa kufanya nini! Rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote. Mbunge anamzidi tu anayemfuata, hata kwa kura moja, na huyo ndiye atakayekaa karibu na fedha za basari za watoto wetu kwa miaka mitano.

Saa sita usiku linafunguliwa la kijani. Msimamizi anainua kila karatasi, anataja jina, anatuonyesha. Moja ina alama juu ya mstari, kati ya mgombea wangu na jirani yake. Anampa jirani. Nakataa. Tunabishana, wale wa madawatini wanaamka, na mwisho anaandika kwamba imepingwa.

Saa tisa natia sahihi Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo. Nakala moja napewa, nyingine inabandikwa mlangoni. Naipiga picha na kuituma.

Mgombea anapiga simu papo hapo. "Ahsante, dada. Kituo cha pili hapo jirani sijapata kitu, na wakala wetu hashiki simu."

Namwamsha kijana wa bodaboda.