Pumzi iliyojificha ndani ya "kaa"

Nilipoanza kusoma fonetiki, elimu ya sauti za lugha, sikuwa na wasiwasi na masikio yangu. Kiswahili nimekisema tangu utotoni, nini tena cha kusikiliza? Kisha nikamrekodi bibi mmoja akitaja majina ya wanyama, nami nikiyarudia nyuma yake. Tulipofika kwenye kaa, akacheka. "Mwanangu, hilo lako la motoni. Huyu wa baharini hatajwi hivyo."

Nikamwomba arudie mara tatu. Sikusikia tofauti yoyote.

Kwenye vitabu jambo lenyewe ni jepesi: kaa wa baharini ana k yenye mpumuo, yaani pumzi inayotoka pale sauti inapoachiwa; kaa la moto halina. Paa mnyama na paa la nyumba ni vivyo hivyo. Tahajia haionyeshi, na wasemaji wengi, mimi mmojawapo, tumeshaipoteza tofauti hiyo. Haya yote niliyakariri, na masikio yakabaki yaleyale.

Nikajaribu karatasi. Unashika kipande chembamba mbele ya midomo, na sauti yenye mpumuo hukipeperusha. Bibi aliposema paa mnyama, kilipepea. Aliposema kaa wa baharini, kimya. Nusura niamini kwamba ananitania! Kumbe p huachiwa midomoni, pua kwa pua na karatasi, ilhali k hufungwa nyuma kwenye kaakaa laini, na pumzi yake hufika nje imeshapungua nguvu.

Nikahamia kwenye Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam. Unachopima ni muda kati ya mpasuko wa konsonanti na nyuzi za sauti kuanza kutetema, kipimo ambacho wanafonetiki Lisker na Abramson walikitumia mwaka 1964 kulinganisha lugha 11. Nilimwonyesha bibi picha, naye akasema kila neno ndani ya "Sema … tena", ili kasi isiyumbe. Namba zangu za mwanzo zilikuwa takataka. K mara nyingi hupasuka mara mbili au tatu mfululizo, nami nilikuwa naanzia mpasuko wowote uliojitokeza vizuri kwenye skrini. Nilipoanza kuhesabu kutoka ule wa kwanza tu, maneno yakaachana: la moto karibu milisekunde 30, wa baharini zaidi ya 70.

Pumzi hiyo ina asili yake, na hapa ndipo nilipoipenda kazi. Kaa la moto liko pamoja na makaa, ngeli ya LI-YA. Jina la mnyama ni la ngeli ya N-. Mbele ya b na d nazali ya ngeli hiyo, yaani m au n ya mwanzoni, ingali ipo, kama katika mbuzi na ndege, lakini mbele ya p, t na k ilitoweka, ikaacha mpumuo.

Bado nilikuwa naona kwa macho tu. Basi nikachukua rekodi ya bibi ya kaa wa baharini, nikakata milisekunde 50 za pumzi, nikamchezea bila kumwambia kitu.

"La moto hilo," akasema, bila hata kuinua kichwa.

Usiku nikavaa vipokea sauti, nikacheza rekodi mbili kwa zamu: iliyokatwa, nzima, iliyokatwa, nzima. Sijui ilikuwa mara ya ngapi, ila ghafla ile nzima ikaanza kupumua.