Mkaa wa pumba uliovikwa kutu ya chuma: unapokwamia

Kuanzia Magu mpaka Sengerema, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga kuna vichuguu vya pumba, na nyingi huishia kuchomwa ovyo. Ni malighafi nzuri ya chujio la maji la kunasa risasi (madini ya lead) na aseniki, sumu zote mbili. Mkaa wa pumba peke yake hunasa risasi kiasi, ila aseniki huipita tu. Kutu ya chuma huishika aseniki barabara, lakini ikiwa unga mtupu huziba bomba na maji hayapiti. Ndiyo maana tunaivika juu ya punje za mkaa.

Pumba zichomwe kwenye kopo lililofunikwa lenye tundu dogo la moshi, nyuzi 450 hadi 500, kwa saa moja. Chekecha ubaki na punje za milimita 0.5 hadi 1, kisha osha mpaka maji yatoke bila weusi. Zinazoelea zitupe, maana kwenye bomba zitapanda juu na kuacha njia za maji kupenya bila kuguswa.

Kwa gramu 100 za mkaa, yeyusha gramu 48 za feri kloridi heksahidrati (chumvi ya chuma) katika lita moja ya maji yaliyokenekwa. Humo mna takriban gramu 10 za chuma. Loweka mkaa usiku kucha, kisha tonesha mmumunyo wa soda kali (hidroksidi ya sodiamu) ya gramu 40 kwa lita huku ukikoroga. Itahitajika kama nusu lita. Simama pH, yaani kipimo cha uasidi, ikifika 7.5. Hapa haraka huharibu kila kitu: soda ikimwagwa kwa mkupuo, kutu huganda ndani ya maji badala ya juu ya mkaa, na siku ya kwanza ya kuchuja maji hutoka na rangi ya chungwa. Osha mpaka tone la nitrati ya fedha kwenye maji ya kuoshea lisilete utusitusi tena, yaani kloridi imeisha. Kausha kwa nyuzi 60 hadi 80. Joto kali hugeuza kutu kuwa hematiti, aina nyingine ya oksidi ya chuma, na eneo la kunasia hupungua sana.

Kwenye kupima ndiko wengi hudanganyika. Mkaa wa pumba una majivu, nayo hupandisha pH. Maji yaliyoanza na 5.5 yakifika 8, risasi huganda yenyewe na kutuama, nawe unaandika kuwa imenaswa. Pima pH mwanzo na mwisho wa kila chupa. Tumia chupa za plastiki, maana risasi hunata kwenye kioo, na weka chupa moja isiyo na mkaa ya kulinganishia. Gramu 0.1 za mkaa kwenye mililita 100 zenye risasi miligramu 1 kwa lita, zikitikiswa saa 24 na kubaki miligramu 0.05 kwa lita, maana yake mkaa umenasa miligramu 0.95 kwa gramu. Hiyo 0.05 iliyobaki bado ni mara tano ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 0.01 kwa lita, kwa hiyo asilimia 95 isikulevye. Pima pia chuma kilichochuruzika.

Kwa zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu wa upande wa Geita, usitegemee kutu. Zebaki hupenda salfa, na hiyo ni kazi nyingine.

Mkaa uliochoka usitupwe ziwani, shambani wala chooni. Kwenye tope lisilo na oksijeni kutu huyeyuka, na aseniki yote uliyoinasa hurudi majini. Uhifadhi mkavu, kwenye ndoo yenye mfuniko iliyoandikwa kilichomo, mpaka ukabidhiwe kwa wanaoshughulikia taka hatarishi.