Unyevu wa Mombasa na ile ndege yenye darubini

Jana usiku nlipanda juu darini hapa kwetu Kibokoni na kadarubini kangu ka mtumba, nkakaelekeza kwa mwezi, dakika kumi hazijaisha kioo kishapiga ukungu kama miwani ya mpishi wa biriani. Nafuta na shati, chapiga tena. Hewa yetu mwaijua wenyewe, nguo ukianika usiku asubuhi zina maji kuliko ulivyoziweka.

Ndo nkakumbuka SOFIA, ile ndege yenye darubini. NASA na wenzao wa Ujerumani walichukua Boeing 747SP, ile fupi, wakaitoboa ubavu nyuma ya bawa wakatia mlango, ndani darubini ya kioo cha mita 2.5, tani kama 17, halafu wakifika futi elfu 40 hivi mlango wafunguliwa na ndege yaenda! Na sababu ni hii hii shida yangu, mvuke wa maji hewani huumeza mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kabla haujafika chini, ukipanda kule waacha zaidi ya asilimia 99 ya huo mvuke chini yako.

2020 ikatangazwa imeona maji mwezini, upande wenye jua, kwa kreta ya Clavius, lile shimo kubwa. Yani wakimbia maji ya huku wakayatafute kule, nlicheka peke yangu wallahi. 2022 wakaistaafisha, gharama.

Mara mamangu huyo kwa ngazi, "Shuka we, baridi itakuingia!" Baridi gani mama na jasho lanitiririka.