Flashi imefuta alama, makro zikabaki

Juzi mshkaji wa ofisini kaja na flashi, "kaka hebu nijaribie hii kwako, kwangu inagoma." Ni faili la Excel, .xls ya kizamani, katumiwa kwa imeili na mtu anayejiita saplaya wao. Kwake ule mstari mwekundu wa onyo juu ya Excel ulimkatalia makro (vijiprogramu vinavyokaa ndani ya faili), hakupewa hata batani ya kuruhusu, ndo akaamua atafute kompyuta nyingine 😅

Nikalifungua. Shiti tupu, katikati picha moja imeandikwa kwa Kiingereza eti dokumenti imelindwa, bonyeza Enable Content uione. Na mstari kwangu ukawa wa njano, batani ipo kabisa inanisubiri. Jamani, kusoma namba hakuhitaji makro, anayekuambia hivyo anataka programu yake iamke kwenye mashine yako.

Sasa kwa nini kwake mwekundu kwangu njano? Ni flashi. Windows ikishusha faili toka mtandaoni inalipiga alama ya siri kwamba limetoka nje, na tangu 2022 Excel ikiiona hiyo alama inazuia makro za VBA (lugha ya kuandikia makro za Excel) moja kwa moja. Ila alama inakaa kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa faili wa Windows), flashi zetu nyingi ni FAT32, mpangilio wa zamani usioweza kuishika, ukikopi tu inadondoka njiani na faili linafika kwa mwenzio kama limezaliwa hapohapo ofisini. Na tunavyopenda kupeana flashi sasa!

Nikalifunga, nikaliingiza kwenye 7-Zip (programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa) badala ya Excel, ili nione yaliyomo bila makro kuamka. Ndani kuna folda _VBA_PROJECT_CUR, yaani makro zimo (kwenye .xlsm, faili la kisasa la Excel lenye makro, unatafuta vbaProject.bin ndani ya folda ya xl). Usipoiona usishangilie sana, zile makro za zamani za Excel 4, za 1992, zinajificha ndani ya shiti zenyewe.

Mi nikitaka namba tu napandisha faili Google Sheets, kule VBA haziendi. Ila mishahara na mambo ya wateja usipandishe ovyo, hayo fungua na LibreOffice (programu ya bure inayofanana na Excel, ipo kwenye mashine yako), umeweka Macro Security kwenye Very High.

Mshkaji akampigia saplaya kwa namba ya siku zote, sio ile ya kwenye imeili. Jamaa anasema hajatuma kitu tangu mwezi uliopita. Flashi nimeifomati.