Debian 12: kagua kadi ya mtandao kabla ya kubishania mfumo wa faili

Wanaotaka kusakinisha Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, hubishana usiku kucha juu ya ext4 na Btrfs, yaani mifumo ya kupanga faili kwenye diski, kumbe kitakachowakwamisha ni Wi-Fi. Mfumo wa faili unauchagua wewe. Chipu ya mtandao alishaichagua aliyetengeneza laptopu, kwa hiyo anza na hiyo.

Washa mashine kwa flashi yenye toleo la Debian la kujaribia, fungua terminali, andika `lspci -nnk`. Chini ya mstari wa "Network controller" au "Ethernet controller" ukiona "Kernel driver in use", draiva (programu inayoendesha kadi) imeshaikamata kadi. Chipu za Wi-Fi za Intel hutumia draiva ya iwlwifi, na tangu Debian 12 ilipotoka Juni 2023 fimwea yake (programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe) imo kwenye flashi rasmi ya kusakinishia. Kadi za waya za Realtek RTL8111/8168, zilizojaa kwenye kompyuta za mezani, huendeshwa na r8169 bila usumbufu.

Balaa ni Broadcom. Chipu yake ya Wi-Fi BCM4360 (kwenye lspci namba yake ni 14e4:43a0), ya MacBook kadhaa za kuanzia 2013, inahitaji pakiti ya broadcom-sta-dkms, ambayo hujengwa upya kulingana na keneli yako (kiini cha Linux) na hutaka linux-headers, faili za keneli zinazohitajika kuijenga. Kuipata kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo unayoitafuta! Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, nayo itaonekana kama kadi ya waya. Waya wa kuchajia tu haufai. Lazima uwe unaopitisha data.

Sasa diski. Kwa mashine yenye diski moja na umeme wa kukatikakatika, mimi nasema ext4. Jarida lake, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yanayofanyika, hurudisha mpangilio wa faili baada ya kuzimika ghafla, ingawa ulichoandika sekunde za mwisho kinaweza kupotea. Kasoro yake: hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root, mtumiaji msimamizi wa mfumo. Kwenye /home (sehemu ya faili zako) ya GB 500 hizo ni GB 25 zinazokaa bure; `tune2fs -m 1 /dev/sda3` inazipunguza hadi 5. Hakikisha kwanza namba ya patisheni (kipande cha diski) kwa `lsblk`.

XFS, mfumo mwingine wa faili, ni nzuri kwa seva, lakini haipunguziki. Ukitaka baadaye kumegea mfumo mwingine nafasi, utahamisha data na kufomati upya.

Btrfs ichague ikiwa kweli utatumia uwezo wake wa kurudisha mfumo katika hali ya jana. Hugundua data iliyoharibika, ila kwenye diski moja haina nakala ya kuitengenezea. Tena kisakinishi cha Debian huunda sabvolumu (sehemu ndani ya Btrfs) moja tu, @rootfs, wakati Timeshift, programu ya kurudisha mfumo nyuma, hutaka @ na @home. Zipange mwenyewe kabla ya kuweka programu nyingine. Kuzibadilisha baadaye ni kugusa fstab (orodha ya diski za kupachika) na GRUB (programu ya kuwashia mfumo) kwa pamoja.