Nilivyoitafuta Chevelle SS ya 1970 iliyo halisi

Nilipoanza kutafuta Chevelle SS ya 1970, toleo la kasi la gari la Chevrolet Chevelle, cha kwanza kukiweka kando kilikuwa beji. Boneti yenye mgongo, mistari miwili mipana, maandishi ya SS kwenye grili na bampa, vyote vinauzwa vipya hadi leo, na fundi hodari anavifunga kwenye Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, bila kutoa jasho. Hata dashibodi ya mita za duara, ambayo SS ilitoka nayo kiwandani badala ya spidomita ndefu ya ulalo, inapatikana kwenye Monte Carlo, gari jingine la Chevrolet, ya mwaka huohuo. Nikashika njia moja tu: namba, tarehe na karatasi.

Mwaka 1970 una ugumu wake. Kuanzia 1966 hadi 1968, SS 396 (396 ni inchi za ujazo za injini) ilikuwa na namba za chesisi za peke yake, zinazoanza na 138. Mwaka 1969 Chevrolet wakaigeuza SS kuwa kifurushi cha nyongeza, kwa hiyo SS ya 1970 isiyo ya kukunjwa paa inaanza na 13637, sawa kabisa na Malibu yoyote ya V8, yaani ya silinda nane. Tarakimu ya 1 ni Chevrolet, 36 ni Malibu ya V8, 37 ni bodi ya milango miwili. Inafuata 0 ya mwaka, halafu herufi ya kiwanda, kwa mfano B kwa Baltimore au K kwa Kansas City. Muuzaji akikuambia namba ya chesisi peke yake inathibitisha SS ya 1970, hajui anachouza, au anajua sana. Vifurushi vilikuwa viwili: Z25, yaani SS 396 (ambayo kwa kweli injini yake ilikuwa na inchi za ujazo 402), na Z15, SS 454.

Namba yenyewe imo kwenye kibati juu ya dashibodi upande wa dereva, unaiona kupitia kioo cha mbele. Mimi huangalia ribiti kabla ya kusoma namba. Za kiwandani zina kichwa kama ua la petali sita. Ukikuta ribiti ya duara ya dukani, au kibati kilichopindapinda, ondoka. Kuhamisha kibati hicho ni kosa la jinai Marekani, na gari linaweza kukamatwa likiwa tayari mikononi mwako.

Baada ya hapo ni injini, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, bloku ina kijukwaa kidogo kilichosawazishwa kwa mashine, mara nyingi kimefunikwa na grisi na kuzibwa na altaneta. Nilikuwa nabeba dawa ya kusafishia breki, kitambaa, tochi na kioo kidogo. Usitumie msasa wala brashi ya chuma, kwa sababu utafuta ushahidi unaoutafuta. Namba zikionekana, utasoma kitu kama T0206CTX. T ni kiwanda cha injini cha Tonawanda, 0206 ni Februari 6, CTX ni 396 ya farasi 350 yenye gia za mkono. Kwa 454 ya LS6, ile ya farasi 450, herufi ni CRV kwa gia za mkono na CRR kwa otomatiki. Kando yake hugongwa sehemu ya namba ya chesisi, mfano 10B na tarakimu sita, ambazo lazima zifanane na za kibati cha dashibodi.

Kufanana peke yake hakutoshi, kwa kuwa namba zinaweza kusagwa zikagongwa upya. Mulika tochi kwa ubavu. Kijukwaa ambacho hakijaguswa kina mistari myembamba sana, iliyonyooka, inayokwenda kutoka mbele ya injini kuelekea nyuma, na namba zimekaa juu ya mistari hiyo. Ukiona uso laini kama kioo, au mikwaruzo ya duara, bloku imesagwa. Huenda ilisagwa kwa haki wakati wa ukarabati, ila ushahidi umeondoka na bei lazima ishuke.

Kisha panga tarehe. Bloku ina tarehe ya kusubiwa ubavuni upande wa abiria, karibu na starta: A 28 0 ni Januari 28, 1970, A ikiwa Januari na L Desemba. Kwenye ukuta wa chumba cha injini kuna kibati cha bodi chenye alama kama 02B, yaani wiki ya pili ya Februari. Mpangilio huu unakubalika: bloku Januari 28, injini Februari 6, bodi wiki ya pili ya Februari. Injini iliyounganishwa Aprili haiwezi kuwa ilizaliwa na bodi ya Februari, hata muuzaji aape.

Giaboksi ya mkono ya Muncie nayo imegongwa sehemu ya namba ya chesisi, pamoja na tarehe inayoishia na herufi ya aina ya giaboksi: A ni M20, B ni M21, C ni M22. Difu ya SS ni ya boliti 12, na nyuma kuna fimbo ya kuzuia gari kuyumba. Hivi huongeza uzito wa ushahidi tu, maana hata difu hununuliwa.

Kinachofunga mjadala ni karatasi ya kuundia gari, ile iliyotumiwa na wafanyakazi kwenye mstari. Itafute juu ya tangi la mafuta na kwenye springi za viti. Ikikosekana, omba kibati cha waranti alichopewa mwenye gari wa kwanza. Zote mbili zinaghushiwa, kwa hiyo linganisha kila herufi na zile za kwenye chuma. Bila karatasi, mimi hutoa bei ya Malibu iliyovalishwa SS, basi.

Bodi niliikagua kwa sumaku iliyofungwa kitambaa: nyuma ya magurudumu ya nyuma, chini ya kioo cha nyuma (hasa penye paa la vinili, linalofuga maji), sakafu ya buti, na chesisi pale inapopanda juu ya ekseli. Sumaku isiposhika, ni puti.

Arbuni nilitoa kwa maandishi kwamba itarudishwa iwapo namba za injini zitakutwa zimegongwa upya.

Ukiona kazi hii ni nzito, yapo magari yaliyo rahisi kuthibitisha. Pontiac GTO ya 1966 hadi 1971 inaanza na 242, na PHS, huduma ya kumbukumbu za Pontiac, huuza nakala ya ankara yake ya kiwandani. Mustang ya Ford kuanzia 1967 unaagizia ripoti ya Marti, inayotokana na kumbukumbu za kiwanda. Plymouth na Dodge zina herufi ya injini nafasi ya tano: mwaka 1970, R ni injini ya Hemi ya 426 na V ni 440 yenye kabureta tatu. Na Chevelle ya 1972 tayari ina herufi hiyo. W ni 454.